Mtoto Ameanguka Fizikia: Namna ya Kumsaidia Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza Chuo Kikuu

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Isikizya, Wilaya ya Uyui

 Mwalimu wa darasa, tafadhali weka redio mahali ambapo walio nyuma nao watasikia. Tena mpe mtu mmoja embe bichi, au jiwe dogo, alishike mkononi mpaka nitakapolihitaji.

Leo tutazungumza habari ya vijana wetu walioingia Chuo Kikuu, na hasa wale wanaosoma somo liitwalo fizikia. Labda mmoja wenu atasema, "Mimi ndiyo kwanza nimejua kuandika jina langu. Fizikia ya Chuo Kikuu yanihusu nini?" Yakuhusu sana, maana anayeisoma ni mtoto wako, na siku atakapoanguka wewe ndiye wa kwanza kupigiwa simu. Tena nitakuonyesha kwamba waweza kumsaidia, ingawa hujui hesabu zake hata moja.

Kwanza tujue fizikia ni nini. Ni elimu ya vitu na mwendo wake: kwa nini jiwe huanguka, kwa nini maji huchemka, jinsi mwanga unavyosafiri, jinsi umeme unavyopita katika waya. Anayetaka kuwa injinia, au mwalimu wa sayansi, au mtaalamu wa hali ya hewa, hawezi kulikwepa somo hili. Hufundishwa Dar es Salaam, Dodoma, Iringa na kwingineko.

Sasa tuseme kijana mmoja wa kwenu amemaliza kidato cha sita. Amesoma fizikia, kemia na hesabu, akafaulu vizuri. Baba ameuza tumbaku ya msimu mzima, mama ameuza mbuzi wawili, na wajomba wamechanga nauli. Mwezi wa kumi au wa kumi na moja kijana apanda basi. Kijiji kizima chajua kwamba fulani yuko Chuo Kikuu. Kisha mwezi wa kwanza ujumbe waingia katika simu: "Baba, nimeanguka mtihani wa fizikia. Nataka kuacha."

Ninyi mlio katika kisomo mtausoma ujumbe huo wenyewe, bila kumwita mtoto wa jirani awasomee. Hilo ni jambo kubwa, maana aibu ya mtoto wako itabaki nyumbani kwako. Lakini mkisha kuusoma, mtajibu nini?

Nimewasikia wazazi wakijibu kwa namna tatu. Wa kwanza hukasirika: "Tumekupeleka kusoma, wewe wacheza!" Wa pili hutafuta mtu mwenye kijicho aliyemroga mtoto. Wa tatu humwonea huruma wakasema, "Basi mwanangu, fizikia ni ya wenye vichwa, tafuta somo jingine." Kwa maoni yangu, hilo la tatu ndilo baya kuliko yote, ingawa latoka katika mapenzi. Mtoto aliyekaripiwa aweza kukasirika akasoma. Mtoto aliyeambiwa na mama yake kwamba hana kichwa, ataamini.

Na tujue hatari yenyewe. Mwanafunzi akianguka somo hupewa mtihani wa kurudia, ambao wao wenyewe wauita "sapu." Akianguka mengi, au wastani wake ukiwa chini sana, huondolewa chuoni. Wao husema "amedisko." Mzee mmoja akisikia mwanawe amedisko aweza kudhani amekwenda kucheza muziki! La, maana yake amerudishwa nyumbani. Na kama alikuwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Serikali, mkopo ule haufutiki kwa sababu hakumaliza, hudaiwa. Kwa hiyo, ujumbe wa mwezi wa kwanza ni kama moshi uonekanao juu ya paa. Bado kuna wakati, lakini si mwingi.

Sasa twende kwenye sababu. Kwa nini kijana aliyefaulu kidato cha sita aanguke mwaka wa kwanza? Mwenye embe na asimame. Arushe embe juu, kisha alidake. Afanye hivyo mara mbili, na wengine watazame.

(Hapa darasa lilipewa dakika moja.)

Vema. Nawaulizeni swali. Embe lilipokuwa likipanda, baada ya kuachana na mkono, ni nini kilichokuwa kikilisukuma juu? Jibuni ninyi kwa ninyi kabla sijasema neno.

(Dakika mbili za mazungumzo.)

Nadhani wengi mmesema, "Ni nguvu ya mkono. Nguvu ya mkono iliingia ndani ya embe, ikalipandisha, kisha ikapungua kidogo kidogo mpaka ikaisha, na embe likaanguka." Jibu hilo ni zuri, lina akili ndani yake. Lakini fizikia yalikataa. Fizikia yasema hivi: embe likisha kuachana na mkono, hakuna kitu kinachosukuma kwenda juu. Kinachofanya kazi juu yake ni mvuto wa dunia, ambao wavuta kwenda chini wakati wote, pamoja na hewa kidogo inayolizuia. Embe lapanda kwa sababu tayari lilikuwa katika mwendo. Kitu kilicho katika mwendo hakihitaji kusukumwa ili kiendelee; chahitaji kuzuiwa ili kisimame.

Msione haya kama mlijibu vingine. Aristotle wa Uyunani, zaidi ya miaka 2300 iliyopita, alifundisha kwamba kila kinachokwenda lazima kiwe na cha kukisukuma. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa mkubwa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1037, alisema kwamba mrushaji hukitia kitu mwelekeo wa kwenda, nao hubaki ndani yake mpaka uzuiwe. Hayo yakaribiana sana na majibu yenu. Watu wenye akili nyingi walihangaika na swali hili kwa karne nyingi, mpaka Galileo wa Italia, na baada yake Isaac Newton wa Uingereza, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1687. Kijana wetu atakiwa kuifuata safari hiyo yote kwa majuma machache, katika ukumbi wenye wanafunzi mamia, mbele ya mhadhiri aliye mbali kama mtu aliye ng'ambo ya shamba.

Hapo ndipo penye mzizi wa shida. Mtoto hakuingia chuoni na kichwa kitupu kinachongoja kujazwa. Aliingia na fizikia yake ya nyumbani, aliyoipata kwa kuendesha baiskeli, kuchota maji na kutwanga. Katika barabara ya mchanga, ukiacha kukanyaga pedali, baiskeli husimama. Basi tangu utotoni amejua kwamba pasipo kusukuma hakuna mwendo. Hakuna aliyemwambia kwamba mchanga ndio unaoisimamisha, na kwamba katika lami baiskeli ile ile ingeserereka mbali zaidi, na kama msuguano na hewa vingeondolewa kabisa isingesimama. Fizikia ya nyumbani haikosei katika maisha ya kila siku. Ndiyo maana ni vigumu kuing'oa.

Shida ya pili ni maneno. Fizikia huchukua maneno ya watu wote na kuyapa maana yake yenyewe. Tutazame neno "kazi."

Wazee wa Unyamwezi wajua habari za wapagazi. Zamani za misafara, kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, babu zetu walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka hapa mpaka Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilomita 800 kwa miguu. Tuseme mpagazi mmoja alibeba frasila mbili, kama kilo 32. Je, alifanya kazi? Kila mtu atasema alifanya kazi kubwa sana. Lakini mwalimu wa fizikia atasema hivi: alipounyanyua mzigo kutoka chini mpaka begani, alifanya kazi juu ya mzigo, na yaweza kupimwa. Lakini alipokuwa akitembea nao katika njia tambarare kwa mwendo ule ule, hakufanya kazi yo yote juu ya mzigo!

Nasikia mnaguna. Hata mwanafunzi huguna moyoni, lakini huandika katika daftari na kunyamaza. Maana ya jambo hili ni kwamba katika fizikia "kazi" ni nguvu ikizidishwa kwa umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande wa nguvu ile. Bega la mpagazi lausukuma mzigo kwenda juu. Mzigo haukwenda juu, ulikwenda mbele. Kwa hiyo hesabu yatoa sifuri. Na jasho lake je? Jasho ni la kweli. Misuli ya mtu hula nishati hata akisimama tu na mzigo begani, kwa sababu misuli hujikaza na kujilegeza ndani kwa ndani wakati wote. Fizikia haimdharau mpagazi. Yapima kitu kimoja tu, nacho ni kile alichoutendea mzigo.

Mwenye akili ataniuliza, "Lakini njia ya Bagamoyo si tambarare." Kweli kabisa. Tabora iko kama meta 1200 juu ya usawa wa bahari, na Bagamoyo iko pwani. Kulikuwa na vilima vya kupanda na kushuka, lakini mwisho wa yote mzigo ulishuka meta 1200. Ukimwuliza mwanao wa Chuo Kikuu swali hili, kwamba katika safari nzima ni nani aliyefanya kazi juu ya mzigo, mpagazi au mvuto wa dunia, utaona atakavyokuna kichwa. Na akikuna kichwa, ameanza kusoma fizikia.

Ongezeni juu ya hayo mambo ya lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya kijijini husoma sayansi kwa Kiswahili, akajifunza maneno kama kani, msuguano na nishati. Akifika sekondari yote huwa ya Kiingereza, naye huanza upya. Wengi huona njia rahisi ni kukariri. Hukariri kanuni, yaani zile herufi fupi zinazosema kitu hiki ni sawa na kile mara kile, na hukariri majibu ya mitihani iliyopita. Kwa njia hiyo waweza kufaulu kidato cha nne na hata cha sita. Mwulize mwanafunzi wa namna hiyo, embe lililorushwa juu kwa mwendo wa meta 10 kwa sekunde litafika wapi? Atakokotoa mara moja: kama meta 5, kwa muda wa sekunde moja hivi. Jibu ni sahihi. Kisha mwulize, likipanda lasukumwa na nini? Atasema, "Nguvu ya mkono." Kanuni imekaa juu, na fizikia ya nyumbani imelala chini yake haijaguswa. Chuo Kikuu huuliza maswali yanayochimba mpaka huko chini.

Msidhani kwamba jambo hili ni la watoto wa vijijini tu. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambacho watu wengi wakihesabu kuwa katika vyuo vikubwa vya dunia, alikuwako mwalimu wa fizikia jina lake Eric Mazur. Wanafunzi wake walifaulu mitihani, nao walimsifu. Yapata mwaka 1990 alisoma habari za mtihani mfupi uliotungwa na walimu wenzake, usiokuwa na hesabu, wenye maswali mepesi ya maneno tu. Kwa mfano: lori zito likigongana na gari dogo, ni lipi linalomsukuma mwenzake kwa nguvu zaidi? Fizikia yasema kila moja lamsukuma mwenzake kwa nguvu sawasawa. Gari dogo huumia zaidi kwa kuwa ni jepesi. Mazur akawapa wanafunzi wake mtihani ule, akiamini wataucheka. Mmoja wao akamwuliza ajibu vipi, kama alivyofundishwa, au kama yeye mwenyewe anavyoyaona mambo. Matokeo yalimshtua mwalimu. Wengi walikuwa wakibeba fizikia mbili, moja ya mtihani na moja ya moyoni.

Akajaribu kuwaeleza tena ubaoni, hawakuelewa. Mwisho, kwa kukosa la kufanya, akawaambia wazungumze wao kwa wao. Ukumbi ukajaa kelele, na kwa dakika chache wengi wakapata jibu. Sababu yake si ngumu kuona. Mwanafunzi aliyeelewa jana bado akumbuka mahali alipojikwaa, lakini profesa aliyeelewa miaka thelathini iliyopita amesahau. Tangu hapo Mazur alifundisha hivyo: auliza swali, kila mtu ajibu peke yake, kisha ageukie jirani yake wabishane, kisha wajibu tena. Waalimu wa nchi nyingi wamefuata njia hiyo.

Nanyi mmekwisha kuifanya asubuhi hii na embe lenu.

Liko neno moja la kuangalia hapa, maana litawafikieni kwa simu. Mtoto aweza kulalamika, "Mhadhiri wetu hatufundishi, kazi yake kutuuliza maswali tu." Msimhurumie upesi. Mwaka 2019 walimu wa Harvard walitangaza uchunguzi walioufanya katika madarasa ya fizikia ya mwanzo. Wanafunzi walioulizwa maswali na kufanya kazi kwa vikundi walijifunza zaidi kuliko walioketi wakisikiliza hotuba nzuri. Lakini walipoulizwa wenyewe, walidhani wamejifunza kidogo! Kumsikiliza msemaji hodari hutoa raha ya kuelewa. Kuhangaika na swali hutoa jasho. Mkulima hatapima shamba lake kwa raha aliyoisikia siku ya kulima.

Kuna jambo la tatu, nalo ni upweke. Katika miaka ya 1970, huko California, mwalimu wa hesabu aitwaye Uri Treisman aliona kwamba wanafunzi wengi weusi wa mwaka wa kwanza walikuwa wakianguka hesabu, nazo hesabu hizo ni nduguye fizikia. Watu walisema ni wavivu, au hawana msingi, au wazazi wao hawajali. Treisman akaenda kukaa nao akawatazama wanavyosoma. Akakuta ni wenye bidii sana, wazazi wao wanajali sana, lakini kila mmoja anasoma peke yake chumbani, usiku kucha, bila mtu wa kumwambia "hapo umekosea." Wanafunzi wenye asili ya China, waliokuwa wakifaulu, walisoma peke yao kwanza, kisha wakakutana jioni, wakala pamoja na kusahihishana. Basi Treisman akaanzisha vikundi vya kufanyia kazi. Hakuwapa maswali mepesi ya kuwaonea huruma. Aliwapa magumu, wakayafanya pamoja, na wakafaulu vizuri.

Mtoto wetu aliyetoka Uyui mara nyingi ndiye anayejifungia chumbani. Shuleni kwake alikuwa wa kwanza. Hakuzoea kuuliza, maana yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa. Chuoni akuta mia wengine waliokuwa wa kwanza kwao. Kuuliza swali mbele yao aona ni kujivua nguo. Msichana aliye peke yake kati ya wavulana ishirini aona hivyo mara mbili.

Kwa habari hii ya kuona haya kuuliza, nitawaambieni kisa cha nchini mwetu hapa hapa, kinachojulikana dunia nzima. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa na sukari, huyaacha yapoe, kisha huyatia katika friji. Siku moja nafasi ndani ya friji ilikuwa inakwisha, na Mpemba akaogopa kuikosa. Akayatia maziwa yake yakiwa ya moto. Alipofungua baadaye, yake yalikuwa yameganda kuwa barafu kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa ya moto. Akamwuliza mwalimu wake sababu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Akaenda Shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akasema kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya dunia. Ikawa mzaha wa darasa. Kila akikosea, huambiwa ni hesabu ya Mpemba.

Kisha Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu kule Dar es Salaam, alifika Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza swali lake. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza jambo lile lijaribiwe, na fundi wa maabara akaleta habari kwamba maji ya moto yaliganda kwanza. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika habari hiyo pamoja katika gazeti la wataalamu wa kufundisha fizikia, na hata leo dunia yaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Bado wataalamu wabishana. Mwaka 2016 wengine wa Uingereza walipima tena wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba hutokea kwa maji. Wengine walishikilia kwamba hutokea. Mabishano hayo ndiyo fizikia yenyewe. Na ile Mkwawa alipochekwa Mpemba, tangu mwaka 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nacho hufundisha walimu.

Sasa, ujumbe umefika katika simu. Mzazi afanye nini?

Asijibu siku ile ile kwa hasira. Na apige simu, asiandike, maana sauti ya mzazi ina kitu ambacho herufi hazina. Aulize kwanza habari ya chakula. Nasema hivyo kwa makusudi. Wanafunzi hupata fedha za kujikimu, wao waziita "bumu," nazo mara nyingine huchelewa. Mtoto asiyekula haelewi kani wala nishati. Yuko anayekosa mazoezi ya maabara kwa sababu amekwenda kufanya kibarua apate nauli. Mkimtumia karanga debe moja na kidumu cha asali ya Tabora, mmeisaidia fizikia kuliko mnavyodhani.

Kisha aulize: unasoma na nani? Hilo ndilo swali langu kubwa leo. Msiulize "unasoma?" maana atajibu "ndiyo," na itakuwa kweli, anasoma mpaka macho yanauma. Ulizeni "na nani?" Akijibu "peke yangu," mwambieni atafute watatu au wanne, wakutane mara mbili kwa juma, kila mtu akiwa amejaribu maswali kwanza. Kikundi ambacho mmoja afanya na wengine wanakili hakifai, heri kulala.

Kisha aulize kama amekwenda kwa mwalimu anayeendesha semina, yaani lile darasa dogo baada ya hotuba. Walimu hawa hukaa ofisini saa zilizowekwa, na mara nyingi hawapati mgeni mpaka juma la mwisho kabla ya mtihani, ndipo mlango hujaa. Aende sasa, akiwa na karatasi ya mtihani aliouanguka, aombe kuonyeshwa mahali alipopotea. Na kama amekata tamaa kabisa, halali, au asema maneno ya kutisha, aende kwa Mshauri wa Wanafunzi, nanyi mfuatilie kama amekwenda.

Mwisho mwambieni hivi: "Nieleze mimi." Mchague jambo moja alilosoma juma hilo, awaeleze kwa Kiswahili, au kwa Kinyamwezi, mpaka mwelewe. Akisema "Mama, hutaelewa," mkatalieni. Jambo ambalo hawezi kumweleza mama yake aliyepika, aliyechota maji kwa kamba na kubeba ndoo kichwani miaka arobaini, pengine bado hajalielewa mwenyewe. Mulizeni "kwa nini?" na "umejuaje?" Ninyi hamwogopi mtihani, wala hamtamcheka kama wanafunzi wenzake. Hapo ninyi mnaojifunza kusoma mna faida ambayo hata profesa hana. Lakini isiwe kila simu. Mara moja kwa juma yatosha, asije akaona simu ya nyumbani ni mtihani mwingine.

Na akikaa akafikiri kwa utulivu, akaona kweli moyo wake uko katika somo jingine? Basi abadili, hakuna ubaya, vyuo vina utaratibu na tarehe zake za kufanya hivyo. Neno langu ni kwamba asibadili juma lile aliloanguka.

Sasa mwalimu wa darasa ataongoza kazi hii. Kwanza, kila mtu aandike daftarini maneno haya manne na kuyasoma kwa sauti: kani, msuguano, mvuto, kazi. Kani ndilo neno la shule kwa ile "nguvu" ya kusukuma na kuvuta tuliyoisema leo. Pili, aandike ujumbe mfupi wa maneno yasiyozidi kumi na mawili, ambao angemtumia mtoto aliyeanguka mtihani. Wasomeane, na wachague ule ambao wangependa kuupokea kama wangekuwa wao. Tatu, rusheni embe tena. Lifikapo juu kabisa, kabla ya kurudi, huwa kama limesimama kidogo. Wakati huo mdogo, je, dunia inalivuta au imeliacha? Bishaneni mpaka redio itakaporudi juma lijalo saa hizi hizi, na asiyekubali na wenzake ajiandae kusema sababu yake.

Kwaherini.